Mshahara na kamisheni: natafutaje fomula?

Muuza fanicha alilipwa sh. 400,000 alipouza za 2,500,000, na 460,000 alipouza za 4,000,000. Mshahara wa msingi ni upi?

Jibu: Anza na mteremko (ongezeko la malipo ÷ ongezeko la mauzo): 60,000 ÷ 1,500,000 = 0.04, yaani kamisheni 4%. Kisha 400,000 − 0.04 × 2,500,000 = 300,000. Basi, x ikiwa mauzo na y malipo, y = 0.04x + 300,000. Usiandike 4x tafadhali. Hapo unamlipa mara nne ya alichouza!

Jibu: Soma mkataba kwanza. Kamisheni ikihesabiwa kwa mauzo yanayozidi 2,000,000 tu, msingi ni 380,000: y = 380,000 + 0.04(x − 2,000,000). Chini ya hapo grafu ni mlalo.

Muulizaji: Zote mbili zinakubali namba zangu!

Jibu: Ndiyo. Tafuta mwezi wa mauzo ya 1,000,000: ya kwanza inatoa 340,000, ya pili 380,000.