Naomba ushauri: mashine ya kuchania mbao tunayoitumia mafundi sita

Wakuu, salaam. Niko Keko, Dar. Tuko mafundi sita karakana moja, mashine ya kuchania mbao moja. Kava la msumeno lilifunguliwa zamani, eti linachelewesha kazi. Juzi nachana mninga, ubao ukabana msumeno, ukarushwa ukanipiga tumboni kama teke la punda. Alama ninayo mpaka leo, vidole nashukuru bado kumi. Nimechonga kijiti cha kusukumia, wenzangu wananicheka. Kile kibati cha nyuma ya msumeno kinachozuia ubao uliochanwa usijifunge na kubana msumeno, fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea? Kiwe na unene gani? Na wanaochana wamevaa glavu nawaambiaje bila kuonekana najifanya bosi? Glavu ikinaswa inavuta mkono wote.