Nimeuziwa rivolva iliyochezewa kwa jina la "haijaguswa". Wauza silaha za mitumba, acheni huu uhuni

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sina nia ya kuzipunguza. Niko Texas, na wenzangu mlio huku mnajua utaratibu: mwenye kadi ya kijani anaingia dukani, anajaza fomu 4473 (fomu ya serikali ya kununulia silaha), anakaguliwa, akipita anachukua mzigo wake. Nimefuata yote hayo. Nikauziwa rivolva ya Smith & Wesson ya enzi za Vita Kuu ya Pili, ile inayoitwa Victory, ikiwa na kikaratasi kinachoning'inia kwenye triga: "Smith & Wesson. Kaliba .38 Special. Ya asili. Haijaguswa." Ukweli kwenye kile kikaratasi ni jina la kiwanda tu. Mengine yote ni changa la macho.

Naanza na chemba za silinda, yaani matundu yanayokaa risasi, kwa sababu hatari iko hapo.

Wakati wa vita Marekani iliwapelekea Waingereza na nchi zao za Jumuiya ya Madola rivolva hizi kwa mamia ya maelfu. Zilitengenezwa Springfield, Massachusetts, lakini kwa risasi ya Kiingereza, ambayo ganda lake ni la .38 S&W. Wamarekani wenyewe walibaki na zao za .38 Special. Majina yanafanana, na hapo ndipo tunapopigwa, kwa sababu hizi ni risasi mbili tofauti kabisa. Ganda la .38 S&W ni fupi na nene: urefu wa milimita 19.7, unene wa karibu milimita 9.8. La .38 Special ni refu na jembamba kidogo: urefu wa milimita 29.3, unene wa milimita 9.6.

Vita vilipoisha, Waingereza wakaziuza kama mabaki ya jeshi, na nyingi zikarudi Marekani kupitia kwa wafanyabiashara. Huku .38 Special inapatikana kila kona, ile ya Kiingereza unaitafuta kwa tochi. Wakaona njia ya mkato: ingiza kekee, chimba chemba ndani zaidi mpaka ganda refu litoshe, kisha uza kama .38 Special. Tatizo ni kwamba kekee inaweza kurefusha tundu, haiwezi kulibana. Upande wa nyuma wa chemba umebaki na upana wake wa zamani. Ganda jembamba linakaa ndani ya tundu pana, na ukifyatua, shaba inatanuka kutafuta ukuta.

Maganda yangu ninayo hapa mezani ninapoandika. Kila moja limevimba tumbo, juu kidogo ya kitako, na uvimbe umeegemea upande mmoja kwa sababu risasi ilikuwa imelala chini ya chemba. Sehemu ya mbele imebaki nyembamba kama ilivyotoka kiwandani. Ukilizungusha ganda kwa vidole unausikia ule mgongo. Mengine yamepasuka kwa urefu, ufa mwembamba unaoingia ukucha, na kando ya ufa kuna moshi mweusi ulioganda. Huo moshi ni gesi ya moto iliyotoka mahali isipotakiwa kutoka, jirani na uso wangu na mikono yangu. Sisemi kwamba silinda ya Smith & Wesson italipuka, kile chuma ni imara. Nasema kwamba mtu ameniuzia kitu kinachopasua maganda na anajua kwamba kinapasua, halafu akaandika "haijaguswa".

Nilipompigia simu kumweleza, alinijibu kwamba hayo ni maganda ya bei rahisi. Nimetumia risasi mpya za kiwandani, za kawaida, zisizo na nguvu ya ziada. Usinifanye mtoto, mzee.

Kuna kipimo kisichohitaji fundi wala mashine, na kila muuzaji wa silaha za zamani anakijua. Chukua maganda mawili matupu, moja la .38 S&W na moja la .38 Special. Kwenye rivolva ya .38 Special halisi, lile nene haliingii. Kwenye ya Kiingereza ambayo haijachezewa, lile refu linakwama njiani. Yangu inayameza yote mawili mpaka mwisho. Ukimulika tochi ndani ya chemba unaona alama mbili za duara: hatua ya zamani ya kiwanda ambayo imebaki kama kivuli, na mbele yake hatua mpya yenye mikwaruzo ya kekee. Mtu amekaa kwenye biashara hii tangu mimi sijazaliwa, ananiambia hakuona?

Na si jambo la siri. Hapa Texas ndio kabisa. Rivolva aliyokuwa nayo Lee Harvey Oswald, yule mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, alipokamatwa Dallas tarehe 22 Novemba 1963 ilikuwa Victory ya namna hiihii: ya Kiingereza, mtutu umekatwa ukabaki takriban inchi mbili na robo, chemba zimechimbwa zipokee .38 Special. Aliiagiza kwa posta kutoka Los Angeles kwa dola 29.95. Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji ya Kennedy, ilipochunguza pia mauaji ya polisi J. D. Tippit aliyepigwa risasi siku hiyohiyo, wataalamu wa FBI walishindwa kuthibitisha kwamba zile risasi zilitoka kwenye ule mtutu, kwa sababu mtutu ulibaki wa kaliba ya zamani na risasi za .38 Special zilikuwa nyembamba kwake, zinapita zikiyumba na kuacha alama zisizofanana. Maganda ndiyo yaliyothibitishwa kutoka kwenye silaha ile. Kwa hiyo ubovu wa kazi hii umeandikwa kwenye kumbukumbu za serikali tangu 1964. Muuza silaha wa Texas asiyejua hilo afunge duka auze mahindi.

Shabaha yangu nayo ni hiyohiyo. Kwa umbali wa kawaida wa uwanja wa shabaha, risasi zinatawanyika hovyo, na kuna tundu kwenye karatasi ambalo limechanika kwa upana, maana yake risasi ilifika imelala ubavu. Fundi bunduki niliyempelekea hakuchukua muda. Alitazama ile karatasi, akatazama mdomo wa mtutu, akaniuliza: "Nani amekuuzia hii kama .38 Special?"

Mtutu. Victory za Waingereza zilitoka na mtutu wa inchi tano. Wangu una inchi mbili, na muuzaji aliniambia ni "toleo la makachero". Juu ya mtutu kiwanda kiligonga jina lake, mji na tarehe za hataza. Kwenye wangu mstari huo unakatika katikati na mdomo wa mtutu ndio uliomeza mwisho wake. Kiwanda hakigongi nusu ya anwani. Halafu kile kijipembe cha kulengea kilicho mbele: cha asili kilikuwa kipande kimoja na mtutu, mviringo kama nusu ya sarafu. Cha kwangu kimebandikwa kwa kuunguzwa, na ukikitazama kwa lenzi unaona mstari wa lehemu chini yake, na kimekaa upande kidogo. Hicho ndicho nilichokuwa nalengea.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii liko chini ya mtutu. Rivolva za Smith & Wesson za ukubwa huu hufunga silinda kwa sehemu mbili: nyuma, na mbele ambapo ncha ya kile chuma cha kutolea maganda inashikwa na kijino kilicho chini ya mtutu. Ukikata mtutu mpaka inchi mbili, kile kijino kinaondoka na kipande kilichokatwa. Zile fupi zilizozaliwa fupi kiwandani zina kijino chao, mahali pake, na chuma kifupi kinacholingana nacho. Yangu haina kitu. Silinda inashikwa nyuma peke yake, na ukiitikisa inacheza. Ukiona rivolva fupi ya kampuni hii, chungulia chini ya mtutu kabla hujauliza bei.

Sasa rangi. Victory zilitoka na rangi ya kijivu isiyong'aa, rangi ya vita. Yangu inang'aa nikeli kama sahani ya harusi. Muuzaji akasema "nikeli ya kiwandani". Basi tazama nyundo na triga: kampuni hii haikuwa ikizipaka nikeli hizo mbili, ziliachwa na rangi yake ya chuma kilichokomazwa kwa moto. Zangu zimepakwa zote. Kabla ya kupaka waling'arisha kwa gurudumu bila huruma: kingo za fremu zimelainika kama sabuni iliyotumika, matundu ya skrubu yamezama pembeni, na kile kifuniko cha ubavuni ambacho kiungo chake hutakiwi hata kukiona, kimeacha mpenyo. Alama za mali ya serikali ya Marekani juu ya fremu zimefutika, umebaki ukungu wa herufi. Kwa mtu anayekusanya silaha za kihistoria, kufuta zile alama ni kuchoma cheti cha kuzaliwa.

Lakini kuna alama walizosahau kuzifuta. Kwenye silinda, ukiinamisha kwenye mwanga, bado inasomeka mihuri ya majaribio ya Uingereza, ile inayogongwa silaha ikishapimwa uimara wake: ".38 .767" na "3½ TONS". Hiyo .767 ni urefu wa ganda kwa inchi kwa vipimo vya Waingereza, yaani lile ganda fupi. Silinda yenyewe imebeba maandishi yanayosema mimi si .38 Special, na bado mtu akaandika .38 Special kwenye kikaratasi na, linaloniuma zaidi, akaandika hivyohivyo kwenye sehemu ya fomu ya serikali inayotaka kaliba ya silaha. Ile sehemu anajaza muuzaji, si mimi.

Dukani niliomba tufungue mipini tuone namba. Iliwekwa mipini ya mpira inayofunika kitako chote. Jibu lilikuwa kwamba bidhaa haifunguliwi mpaka inunuliwe. Nikasomewa namba kutoka kwenye karatasi yake. Baada ya kulipa nikafungua mwenyewe, skrubu moja tu. Chini ya kitako kuna tundu la pete ya kamba ya askari, limezibwa kwa chuma na kupigwa msasa, na namba inayoanza na V imepita pande mbili za lile tundu. Namba hiyo ilitakiwa irudiwe nyuma ya silinda na kwenye ubapa ulio chini ya mtutu. Silinda inalingana. Chini ya mtutu, msasa umekula tarakimu mbili za mwisho. Sasa naelewa kwa nini mipini ilikuwa "haifunguliwi".

Na triga? Nyepesi mno. Nilipoisifia dukani akatabasamu, akasema ni uzee wa silaha, imelainika yenyewe. Si uzee. Springi kubwa ya bapa iliyo ndani ya mpini inakazwa na skrubu iliyo mbele ya mpini, na ile skrubu imekatwa ncha ili springi ilegee. Ndiyo maana risasi nyingine zinagongwa haziwaki. Tena ikiwa tupu, ukivuta nyundo nyuma na kuisukuma kwa dole gumba bila kugusa triga, inateleza na kuanguka. Mtu amesaga kile kikato kinachoishika nyundo. Fundi aliniambia niisahau kabisa habari ya kuibeba, na amekataa hata kunirudishia ikiwa bado na uwezo wa kufyatua. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, baya kuliko hata chemba, kwa sababu hili linaweza kumuua mtu aliyesimama tu chumba cha pili.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na kazi ya fundi. Kuna mafundi bunduki wanaolainisha triga kwa mikono yao na ikatoka salama na tamu, kuna wanaopaka rangi upya ukashindwa kutofautisha na kiwanda, na wanaandika walichofanya na kuweka sahihi yao. Hata rivolva hii, kama ingeuzwa kwa jina lake, "ya Kiingereza, imekatwa, imechimbwa, ya kuweka ukutani", kwa bei ya vyuma hivyo, nisingekuwa na neno. Ninachokipigia kelele ni mtu kununua kitu akijua kimechezewa mara nne, kukifunika kwa mpira na nikeli, kukipa bei ya kitu halisi na kumkabidhi mteja aliyemwambia waziwazi kwamba atakitumia uwanjani na familia yake. Nilimwambia hivyo. Mke wangu alikuwa pembeni.

Jibu lake la mwisho ni lilelile la maduka ya kwetu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapana. Nimeandika barua yenye picha za chemba, maganda, mihuri ya silinda na kitako, pamoja na maelezo ya fundi yaliyosainiwa, na nakala yake inakwenda kwa mamlaka iliyompa leseni, kwa sababu kaliba aliyoandika kwenye fomu si kaliba iliyogongwa kwenye silinda.

Wenye Victory humu ndani, hasa mlionunua kwenye yale maonyesho ya silaha ya wikendi: hakikisheni ni tupu, fungueni silinda, mwekeni picha ya mihuri na ya chini ya mtutu, namba ya silaha mkiifunika. Na kama kuna mtu aliyeuziwa moja fupi ya nikeli yenye mipini ya mpira kwa maneno hayahaya ya "toleo la makachero", aje PM (ujumbe wa faragha). Nataka kujua ameuza ngapi.