Naomba ushauri: joto linalotolewa na mvuke halilingani na joto linalopokewa na maji

Mtafiti_Nyegezi
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa tasnifu ya uzamili hapa Mwanza kuhusu matumizi ya mvuke wa boila ndogo kukaushia dagaa msimu wa mvua, wakati vichanja vinapokosa jua. Kwa sasa ninapima upitishaji wa joto katika bomba la shaba: mvuke wenye kanieneo ya baa 2 kwenye geji unapita ndani, na maji ya ziwa yanalipoza kwa nje. Nikipima uzito wa maji yanayotokana na mvuke, hesabu inanipa joto kubwa kuliko lile linalopokewa na maji ya kupozea, kwa zaidi ya asilimia 10, ingawa nimefunika mtambo wote kwa pamba ya kioo. Isitoshe, kipimajoto changu kinasoma nyuzi 96 katika maji yanayochemka. Je, nikirekebishe kisome 100?

Fundi_Boila
Usikiguse, ndugu yangu. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni kama kilopaskali 88, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96. Geji husoma kanieneo iliyozidi ile ya hewa tu, kwa hiyo ukisoma majedwali ya mvuke (yanayoonyesha jotoridi na joto la mvuke kwa kila kanieneo kamili), ongeza hizo kilopaskali 88 kwenye usomaji wa geji, wala usiongeze 101 za pwani.

Mhadhiri_Mstaafu
Ninashuku mvuke wako una unyevu. Matone yanayobebwa kutoka boila yanaingia kwenye mizani yako, lakini hayakuleta joto la mvukizo (lile linalogeuza maji kuwa mvuke), nawe umeyahesabu kana kwamba yalikuwa mvuke mkavu. Vilevile, toa hewa yote kabla ya kupima, kwani tangu majaribio ya Othmer ya mwaka 1929 inafahamika kwamba hewa kidogo tu, hata nusu ya asilimia, hupunguza sana upitishaji wa joto mvuke unapogeuka maji.

Mtafiti_Nyegezi
Ahsante sana, mwalimu. Je, kalorimita ya kukaba mvuke, yaani kifaa kinachopitisha mvuke kwenye tundu dogo ili kanieneo ishuke na mvuke ukauke, itafaa kupima unyevu huo?

Mhadhiri_Mstaafu
Kwa baa 2 haitafaa, kwa sababu unyevu ukizidi asilimia 3 hivi, mvuke hautoki mkavu baada ya kukabwa, na usomaji wake hautakuambia lolote. Chukua ndoo iliyofunikwa vizuri yenye maji baridi uliyoyapima, ingiza mvuke kwa muda mfupi, kisha pima ongezeko la uzito na la jotoridi. Usisahau joto linalomezwa na ndoo yenyewe.

Dada_Maabara
Maji yako ya kupozea yanapanda nyuzi ngapi? Themokapo (vipimajoto vya nyaya mbili za metali tofauti) za kawaida za aina ya K zinaweza kukosea hadi nyuzi 2.2, kwa hiyo ongezeko la nyuzi 4 tu halitakupa jibu la kuaminika. Punguza mtiririko hadi ongezeko lifike angalau nyuzi 15, na kabla ya hapo tumbukiza themokapo zote mbili, ya maji yanayoingia na ya yanayotoka, katika chombo kimoja, kwanza kwenye maji ya ziwa na kisha kwenye maji yanayochemka, uandike tofauti yao.