Tupeane uzoefu: The Hunt for Red October kilikukuta wapi, na umebaki na nini baada ya kukifunga?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Naomba leo tuache siasa kidogo tuzungumze kitabu. Waliosoma The Hunt for Red October cha Tom Clancy, njooni mtoe uzoefu. Sitaki muhtasari wa hadithi, huo upo kila mahali. Nataka kujua ulikisoma ukiwa wapi, kilikushika sehemu gani, na leo unamwonaje Nahodha Ramius, Msovieti anayeitorosha nyambizi yake Red October kwenda Marekani: shujaa au msaliti?

Naanza mimi. Mwaka 2006 nilikuwa nasubiri majibu ya kidato cha sita, nikawa napitia vitabu vya mitumba vinavyotandikwa kwenye magazeti barabarani Posta. Kimoja jalada lake lilikuwa limeshikwa na gundi ya karatasi, lina picha ya nyambizi. Nikakichukua kwa nauli ya kurudi nyumbani, nikatembea kwa miguu hadi Magomeni. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, kwa hiyo kurasa za mwanzo nilisoma na kamusi pembeni. Kufika katikati kamusi nikaisahau chini ya kitanda. Siku ya tatu, saa nane usiku, nafika mwisho nakuta karatasi za nyuma zimenyofolewa! Ramius yuko kwenye vita vya mwisho na nyambizi ya Tupolev, kijana aliyemfundisha mwenyewe kazi, halafu basi. Nilikaa miezi minne sijui nani kafa. Nakala nzima niliipata kwa mwalimu mmoja wa Kibaha, nikasoma kurasa zile nikiwa nimesimama mlangoni kwake.

Kwa wasiokijua: kilitoka mwaka 1984. Clancy alikuwa mtu wa bima huko Maryland, Marekani, hakuwahi kutumikia jeshi la maji kwa sababu ya macho yake. Waliomchapia ni Naval Institute Press, watu wa vitabu vya kijeshi ambao hawakuwa wamewahi kutoa riwaya mpya kabla ya hiyo, wakampa dola 5,000. Rais Reagan akakisoma akakisifia hadharani, na kuanzia hapo kikawa cha dunia nzima.

Karibuni.

Kutoka Muscat

Salaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kazi yangu ni injini ruum, mwaka wa kumi na tisa huu niko baharini. Kitabu hiki nilikikuta melini kwenye kabati la chumba cha kulia, kimeshasomwa na Wafilipino, Wahindi na sijui nani mwengine, pembeni kina alama za chai.

Nataka kusema kitu kimoja ambacho mtu wa nchi kavu huenda kikampita. Watu husifu vita na makombora. Miye nilichokipenda ni *sauti*. Usiku mmoja kwenye Bahari ya Arabu tulikatikiwa na umeme, jenereta zote mbili zikalala. Meli ile siku zote inanguruma mpaka meno yako yazoea. Ghafla, kimya. Nikasimama pale chini na tochi mdomoni, nikasikia maji yakipapasa ubavu wa meli kama mtu anayefuta ukuta kwa kitambaa. Nikasikia spana iliyoachwa juu ya bomba ikigonga, tik, kisha tik, kila meli ilipolala upande. Tulikuwa watu watano na hapana aliyesema neno. Nilijua wakati ule kwamba yule kijana wa sona kwenye kitabu (mtambo wa kusikilizia sauti majini), Jones, hakutiwa chumvi. Bahari ikinyamaza, hata spana ni ukelele.

Na mambo yake ya kiufundi yana msingi. Propela ikienda mbio, nyuma ya mapanga yake shinikizo la maji hushuka mpaka maji yatoa viputo bila moto wowote. Viputo vile vikipasuka ndipo panapotoka kelele. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, na hewani ni kama 340 tu. Ndiyo maana Clancy akaipa nyambizi yake mapangaboi yaliyofichwa ndani ya mifereji ya mwili wa chombo, isisikike. Na lile jambo la kujificha kwenye maji baridi, chini ya tabaka la maji ya vuguvugu, ni kweli kabisa. Maji ya juu yamepigwa jua, ya chini baridi, na sauti ikifika mpakani hujipinda kuelekea kwenye baridi. Ukiwa chini na anayekutafuta yuko juu, anaweza kupita karibu nawe asikupate.

Ramius kwangu mimi ni nahodha, basi. Sijui siasa zake, lakini alikijua chombo chake.

Kutoka Arusha

Mimi niseme ukweli, kilinishinda. Kila aya kuna herufi tatu tatu za vifupisho, mara jina la kombora, mara jina la antena. Nimejaribu mara mbili, mara zote nimeishia kurasa ya sitini na kitu. Filamu ya 1990 ya Sean Connery nimeiangalia mara nyingi na naipenda sana. Mnaosema kitabu ni bora zaidi, nawaamini, ila kwangu mlango wake ni mwembamba mno.

Kutoka Mwanza

Dada yenu naomba nafasi, maana naona hapa wanaume mnaongelea propela tu.

Mimi ni muuguzi. Nilikisoma kwa sababu kaka yangu alikiacha nyumbani alipoenda chuo. Kilichonifanya nisikiweke chini ni Natalia, mke wa Ramius. Hadithi inapoanza ameshakufa. Alikuwa na kidole tumbo, daktari aliyemfanyia upasuaji alikuwa amelewa, na alipopata maambukizi akapewa dawa ambazo ndani ya chupa yake mlikuwa na maji tu, kwa sababu kiwandani walikuwa wanakimbiza idadi. Daktari hakuguswa, alikuwa mtoto wa mkubwa. Ni kurasa chache mno, na baada ya hapo Clancy anarudi kwenye mitambo yake.

Kurasa hizo nilizisoma zamu ya usiku, nikalazimika kutoka nje. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi, tulimpa mama mmoja dozi kamili ya sindano kwa homa baada ya kujifungua. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, homa iko palepale. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nazichanganya zile chupa. Naukumbuka unga wake, ulikuwa unayeyuka upesi kuliko kawaida, na sikusema kitu kwa sababu nilikuwa mgeni kazini. Tulipobadilisha na dawa ya sehemu nyingine, homa ilishuka ndani ya siku mbili. Yule mama yupo, mtoto wake sasa yuko shule. Lakini chupa zile hakuna aliyezifuatilia.

Kwa hiyo msiniulize kama Ramius ni msaliti. Mtu aliyemzika mkewe kwa uongo wa chupa, halafu kesho yake anatakiwa apige saluti kwa watu walewale, mimi namwelewa. Lawama yangu kwa mwandishi ni kwamba mwanamke pekee anayeisukuma hadithi nzima amemweka kaburini kabla ya ukurasa wa kwanza. Hatumsikii hata akisema.

Mwanzisha uzi

Dada wa Mwanza, nimesoma ulichoandika mara mbili. Nilikisoma kitabu hiki nikiwa na miaka 19 na sehemu ya Natalia niliiruka kwa haraka nirudi kwenye nyambizi. Asante.

Kutoka Dodoma

Vijana, mimi ni mstaafu, nimetumikia jeshi enzi za chama kimoja. Sitataja kikosi. Naomba mnisikilize kuhusu yule mtu wa kwanza kufa kwenye kitabu, kamisaa wa siasa, yaani ofisa wa chama ndani ya jeshi. Nyambizi haijafika mbali, Ramius anamuua kwa mikono yake, anasema ameteleza. Wasomaji wengi hushangilia. Mimi sikushangilia.

Sisi tulikuwa na makamisaa. Wako waliokuwa masikio ya wakubwa, hilo sikatai, na ulikuwa ukimwona anakuja unabadilisha mazungumzo. Lakini wa kwetu, Mungu amrehemu, ndiye aliyetufundisha askari wasiojua kusoma, jioni, kwa taa ya chemli, na alikuwa akitoka mbele ya kamanda kusema chakula cha askari kimepungua. Kwenye kitabu kamisaa hana sura. Yupo ili auawe.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Clancy alipata mbegu ya hadithi yake kwenye tukio la kweli, uasi wa meli ya kivita ya Kisovieti Storozhevoy, Novemba 1975, iliyokuwa Riga. Na aliyeongoza uasi ule hakuwa nahodha. Alikuwa kamisaa wa siasa, Valery Sablin! Ndiye aliyemfungia nahodha chini na kuichukua meli. Wala hakuwa anakimbilia kwa Wamarekani. Alikuwa anataka kwenda Leningrad, aseme na wananchi kwa redio kwamba viongozi wameusaliti ujamaa wenyewe. Ndege za kwao zikaishambulia meli, akakamatwa, na mwaka 1976 akapigwa risasi.

Mwandishi aligeuza. Kamisaa aliyeasi kwa imani akawa maiti ya kwanza, na nahodha aliyefungiwa akawa shujaa anayepeleka chombo Marekani. Ana haki ya kutunga, ni riwaya. Ila mimi kila nikikiona kitabu hiki namkumbuka Sablin kwanza.

Kutoka Muscat

Mzee wangu wa Dodoma, shikamoo. Hilo la Sablin sikulijua kabisa. Nauliza, mabaharia wa kawaida wa ile meli walimfuata kwa hiari?

Kutoka Dodoma

Marahaba. Wengi walimfuata baada ya kuwahutubia, na ndiyo tofauti kubwa na kitabu. Sablin aliwakusanya watu wake akawaambia anachotaka. Ramius aliwaambia maofisa wake tu. Mabaharia wengine hawajui wanakopelekwa, mpaka wanatungiwa uongo kwamba mtambo wa nyuklia una hitilafu ili washuke. Vijana wa miaka 19 na 20 wale. Mtu akiniuliza doa la Ramius liko wapi, namwonyesha hapo.

Kutoka Tanga

Mimi nilikisoma baada ya nyambizi ya Urusi, Kursk, kuzama, Agosti 2000, watu 118. Mlioikumbuka habari ile mtanielewa. Watu 23 walibaki hai kwa saa kadhaa kwenye chumba cha nyuma kabisa, na ofisa mmoja, Kolesnikov, akaandika majina yao gizani. Baada ya hapo kila Clancy anapoandika kwamba maji yameingia, nilikuwa nafunga kitabu kwanza. Sina zaidi.

Kutoka Machakos

Ndugu zangu, nilikuwa nasoma tu bila kuandika, lakini huyu wa Tanga amenifanya niandike.

Kitabu hiki nilinunua Nairobi nikiwa chuo, kando ya barabara, na nilikisoma kwa furaha. Mimi nilikuwa na nyambizi, niko ndani yake, nawakwepa wanaonitafuta. Hata Konovalov, ile nyambizi ya Tupolev, ilipogongwa ikapasuka na watu wote wakafa, nilifungua ukurasa unaofuata.

Miaka ilipita. Siku moja nyanya yangu akawa anahesabu watu wa ukoo, akamtaja kaka mkubwa wa babu, kwamba "alienda vita ya Wazungu akazama." Nikauliza alizama wapi. Hakujua. Alisema tu kwamba aliondokea Kilindini.

Nilitafuta mpaka nikafika. Meli inaitwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo ndani ya msafara, imebeba watu kama 1,500, na kati yao walikuwa askari wetu wa kikosi cha mizinga, 301 Field Regiment cha East African Artillery, pamoja na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili mchana. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliigeukia ile nyambizi, na mabomu ya kina yakaangushwa majini huku walionusurika bado wanaogelea palepale, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao.

Nilienda kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye mnara wenye majina ya wasio na kaburi. Jina letu lipo. Limeandikwa kwa tahajia ya Mzungu, herufi moja imekosewa, lakini ni letu. Niliweka kidole juu yake. Jiwe lilikuwa na joto la jua la saa saba.

Niliporudi nyumbani nilikitafuta kitabu nikasoma tena sehemu ya Konovalov. Safari hii nilihesabu mistari ambayo watu wale wamepewa. Ni michache sana. Sisemi kitabu ni kibaya, bado nakiona ni moja ya hadithi zilizosukwa vizuri kabisa. Nasema tu kwamba mara ya kwanza nilikisoma nikiwa ndani ya nyambizi, na sasa nakisoma nikiwa majini.

Kutoka Mwanza

Pole sana ndugu yangu wa Machakos. Hao wauguzi waliokuwemo, majina yao yapo pia?

Kutoka Machakos

Asante dada. Siku ile sikuwatafuta, nilikuwa natafuta jina moja tu. Mwezi ujao nina safari ya Nairobi, nitapita tena niangalie, nirudi hapa kukujibu.

Kutoka Muscat

Ndugu, meli yetu njia ya Colombo tunaipita, na Maldives inakuwa upande wetu wa kusini. Niandikie hilo jina kwa faragha, kwa tahajia ya kwenu, siyo ya kwenye jiwe. Tukifika pale nitapanda juu sitahani niwasomee Fatiha na dua, yeye na wenzake.