Ncha za hendipisi: mnachaguaje?

Mwanafunzi_Meno: Wakuu, shikamooni. Nimeanza mazoezi ya kuchonga meno kwa hendipisi (kifaa cha mkononi kinachozungusha ncha ya kuchonga) na trei ya ncha inanichanganya. Kuna ncha za duara, za umbo la pea, silinda, mpaka za mwali wa moto. Halafu kuna za almasi na za kabaidi (mchanganyiko mgumu wa metali). Mnaanzia wapi?

Dkt_Magego: Marahaba. Umbo liache kwanza, tazama shina. Shina laini, jembamba, la milimita 1.6 ni la hendipisi ya kasi kubwa. Likiwa nene, milimita 2.35, na mwishoni lina mkato na ubavu bapa, hilo ni la hendipisi ya pembe ya kasi ndogo. Lile refu lililonyooka, nene vilevile, huenda kwenye hendipisi iliyonyooka, na maabara ndiko linakotumika sana.

Baada ya hapo, tazama ncha imetengenezwa kwa nini. Almasi husaga, kwa hiyo enameli (ganda gumu la nje la jino) na kauri ni kazi yake. Kabaidi ya tangsteni ina meno yanayokata. Ipe dentini (tabaka lililo chini ya enameli) au jino lililojazwa madini zamani. Pete ya rangi kwenye almasi inakuonyesha ukali: kijani chenga (punje za almasi) kubwa, nyekundu ndogo, njano ndogo zaidi ya kumalizia.

Na maji yatoke! Hendipisi ya kasi kubwa inayoendeshwa kwa hewa huzunguka mara 300,000 na zaidi kwa dakika. Kwa kasi hiyo, ukichonga bila maji unaunguza kiini cha jino (sehemu laini ya ndani yenye neva).

Muuguzi_Trei: Naongezea, daktari. Ukishaingiza ncha, ivute kidogo kwa vidole kabla hujakanyaga pedali. Ikichomoka mdomoni mwa mgonjwa ni hatari kweli. Na almasi iliyoisha chenga itupe, maana utaanza kuikandamiza bila kujua, na joto litapanda.

Mwanafunzi_Meno: Asanteni sana. Uozo ukikaribia kiini, nichukue duara dogo ili niwe mwangalifu?

Dkt_Magego: Hapana, mwanangu, chukua kubwa linaloenea kwenye shimo, kasi ndogo. Dogo huchimba mahali pamoja na kutoboa ghafla. Kubwa hugawanya nguvu. Gusa kwa wepesi, kama unayepangusa vumbi, uinue, utazame. Uozo laini hutoka vipande vyenye unyevu. Ukifika kwenye dentini ngumu utausikia mkono ukikwaruza, na unga mkavu utaanza kutoka. Ukiuona unga huo, usiendelee kuchimba.