Anakula sana lakini anakonda: naomba ushauri

Habari za humu wakuu. Tuko Dodoma, maeneo ya Nkuhungu. Mdogo wangu wa kike anakula hadi mama ameanza kuficha sufuria. Ugali wa uwele na mlenda anamaliza, saa moja haijaisha anauliza kuna nini jikoni. Usiku anaamka kutafuta kiporo. Ingekuwa ananenepa nisingeandika, ila nguo zinampwaya.

Majirani wakasema minyoo, akanywa albendazole, wapi. Wengine wakasema mimba. Kipimo kimekataa (na yeye alituambia toka mwanzo). Mimi niliogopa kisukari, maana njaa, kiu na kukojoa mara kwa mara huenda pamoja. Akapimwa asubuhi kabla ya kula, ikasoma 5.2, na najua kisukari ni kuanzia 7.0. Kiu ya ajabu hana.

Ila mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na anatoka jasho kwenye hii baridi yetu ya Julai ambayo sisi wengine tunavaa masweta. Nimesoma kwamba tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikizalisha homoni kupita kiasi huleta haya yote. Shingo yake haijavimba, sasa sijui.

Kuna aliyepitia hili? Kipimo cha TSH (kile cha damu cha kuangalia hiyo tezi) hapa Dodoma kinafanyika hospitali gani, Benjamin Mkapa au hata ya mkoa? Bima ya NHIF inakubali, au nijiandae na shilingi ngapi? Madaktari mliomo humu, nisaidieni.