Mradi ulifungwa ghafla, huu ujuzi wa kusimamia miradi naupeleka wapi hapa Kigoma?

Mama_Mwanga: Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, nimekuwa afisa mradi miaka 8 kambi ya Nyarugusu upande wa maji na vyoo. Bajeti najua, logfremu (lile jedwali la mpango wa mradi) najua, ripoti za robo mwaka ndo usiseme. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada kwa siku 90 sisi tukapata imeili jioni kwamba kesho hakuna kwenda saiti. Kuna mtaro tulikuwa tumeshauchimba na mabomba yamelala pembeni, tukayaacha hivyo hivyo, mpaka leo linaniuma. Tangu hapo natuma CV tu. Naomba kuuliza, huu ujuzi bado una soko au nianze upya? Maana kila nilichokijua kilitegemea mfadhili na tarehe ya mwisho inayojulikana.

Giza_la_Katonga: Pole sana dada. Mi nilikuwa lojistiki Kibondo, sasa nanunua dagaa mwaloni Katonga. Mwanzoni nilipanga kama nilivyozoea, malengo ya kila mwezi, nikaumia vibaya. Huku kalenda ni giza, mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika, halafu 2024 ziwa likafungwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, mwenye mpango mmoja alikwama kabisa. Sasa napanga giza kwa giza. Likiisha tunakaa chini na kina mama watatu wanaonianikia, tunaulizana nini kimeharibika. Kuna giza moja mvua ilikuta mzigo umeanikwa mchangani ukaoza karibu wote, mmoja wao akasema hela tuliyobakiza isiende kuongeza mzigo, iende kwenye chanja na turubai. Alikuwa sahihi. Unaikumbuka ile safu ya mwisho ya logfremu, ya makisio, yaani mambo ambayo mpango unayategemea tu yawe hivyo? Tulikuwa tunaijaza usiku wa mwisho, "fedha za mfadhili zitaendelea kupatikana", basi. Siku hizi mi naanza na hiyo safu ndo nakuja kwenye shughuli.

Tbr_relini: Nipo Tabora kwa mkandarasi mdogo, kazi za SGR ya kwenda Kigoma, ile ya km 506. Hapa hakuna anayeuliza logfremu, wanauliza nondo zisipofika kesho hao vibarua 40 watafanya nini. Hilo ulilifanya kambini kila siku ila kwenye CV hujaliandika nina uhakika. Andika ulivyofunga saiti, vifaa ulimkabidhi nani, watu uliwaambiaje. Na usidhani umepitwa, hata PMBOK, kile kitabu cha mwongozo wa kusimamia miradi, toleo la 7 la 2021 liliacha kujengwa juu ya michakato likaja na kanuni 12, na mtihani wa PMP, wa cheti cha wasimamizi wa miradi, ulioanza mwaka huo karibu nusu ulikuwa ajaili, yaani kupanga kidogo kidogo na kurekebisha njiani, na mchanganyiko wa ajaili na njia ya zamani.

Ujiji_kwetu: Mi napingana kidogo. Giza kwa giza ni sawa ukiwa na mtaji, ila ada ya shule haisubiri mwezi uzame. Dada usiache kutuma maombi, biashara anza na kiasi ambacho kikipotea watoto bado watakula.

Mama_Mwanga: Asanteni mno, nimesoma mara mbili. Ujiji umenigusa, nitaweka hela ya ada pembeni kwanza. CV naiandika upya usiku huu na nitaanza na ule mtaro. Kaka wa Katonga, giza linaloanza nikija kukaa na hao kina mama wakati mnaulizana, nitaruhusiwa? Sitaki kununua, nataka kusikiliza tu.

Giza_la_Katonga: Njoo dada, saa 12 asubuhi mitumbwi inapoingia. Vaa viatu vya kulowa.